Rehani ambayo baba hakuirudisha: maswali ya wasomaji kuhusu toba na ardhi ya urithi

Kati ya barua zilizotufikia kwa ajili ya ukurasa huu, tatu zinahusu ardhi iliyorithiwa na dhamiri isiyotulia juu yake. Tumezifupisha, tumeondoa kila kitu ambacho kingeweza kumtambulisha mwandishi, na tunazijibu kwa pamoja kwa sababu jibu la moja linaisaidia nyingine. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa inabeba jambo ambalo familia nyingi hulijua na chache hulisema.

Swali la kwanza

Mwalimu, Bwana asifiwe. Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Baba yetu alipofariki alituachia shamba ambalo sote tulikua tukiamini kuwa ni letu. Nilipokuwa nikipanga karatasi zake ili tuanze utaratibu wa mirathi, nilikuta ndani ya bahasha makubaliano yaliyoandikwa kwa mkono, yenye sahihi ya baba, alama ya dole gumba ya jirani yetu na majina ya mashahidi wawili. Yanasema wazi kwamba jirani alikopa fedha kwa baba, akaweka nusu ya shamba hilo rehani, na kwamba akilipa atarudishiwa. Shahidi mmoja yu hai. Amenithibitishia kwamba jirani alikuja na fedha zote mkononi, lakini baba akakataa kuzipokea akidai kuwa muda umepita, ingawa karatasi haitaji muda wowote. Jirani alifariki bila kurudishiwa. Watoto wake wapo, na tunasalimiana vizuri. Tangu nijue habari hii nimefunga na kuomba, nimetubu kwa niaba ya baba, na kikundi cha maombi kimekuja kulipaka shamba mafuta kwenye pembe zake nne na kuvunja laana. Bado sina amani. Wadogo zangu wanasema yaliyopita yamepita, na kwamba kosa la baba amekwenda nalo kaburini. Je, ninaibeba dhambi ya baba? Na toba yangu ianzie wapi?

Jibu

Ndugu yangu, pole kwa msiba, na pole kwa mzigo uliokuja nyuma ya msiba. Umeuliza mambo mawili, nami nitaanza na lile lenye jibu fupi. Hapana, huibebi dhambi ya baba yako. Katika kitabu cha Ezekieli, sura ya 18, watu wa Israeli walikuwa wamezoea kusema kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, yaani kwamba wanateseka kwa makosa ya waliowatangulia. Naye Mungu anaukataa msemo huo waziwazi na kutamka kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wadogo zako wana haki kabisa ya kuishika sura hiyo, ila nadhani wameisoma nusu.

Isomeni yote, polepole, mkiwa na ile karatasi mezani. Nabii anaeleza habari za watu watatu: baba mwadilifu, mwana wake aliye dhalimu, na mjukuu ambaye ameyaona makosa yote ya baba yake, akatafakari, asiyatende. Kila mmoja anapimwa kwa matendo yake, na miongoni mwa matendo hayo limo moja linalorudi katika habari za wote watatu, nalo ni lile lile lililo ndani ya bahasha uliyoifungua: rehani. Mwadilifu humrudishia mdeni rehani yake. Dhalimu hairudishi. Mjukuu hamwonei mtu kwa ajili ya rehani. Sura inayomwachilia mwana kutoka kwenye hatia ya baba ndiyo hiyo hiyo inayoihesabu rehani iliyozuiwa kuwa dhambi ya mtu anayeizuia.

Hapo ndipo jambo lako lilipo. Kuzikataa fedha za jirani kulikuwa tendo la baba yako, nalo liko mbele ya Mungu aliye hakimu wake, ambaye anajua mambo ambayo mimi na wewe hatuyajui. Kuendelea kulishika shamba, baada ya bahasha kufunguliwa na shahidi kusema, ni tendo lingine, na mwenye tendo hilo ni aliye hai. Ulipokuwa hujui, ulilima na kuvuna kwa nia njema, na hakuna mtu mwenye haki atakayekulaumu kwa hilo. Sikulaumu hata kwa kusitasita kwako sasa, kwa kuwa jambo zito la familia halimalizwi kwa siku moja. Lakini kusitasita kukigeuka kuwa mazoea, shamba hilo litakuwa limechukuliwa mara ya pili, na safari hii mchukuaji hatakuwa baba.

Kuhusu maombi yaliyofanyika, nasema kwa heshima, kwa sababu najua waliokuja walikuja kwa upendo. Pembe nne zilipakwa mafuta, lakini pembe mbili kati ya hizo, kwa mujibu wa karatasi yenu wenyewe, zinazunguka mali ya watu wengine, na watu hao, wanaoishi jirani na kusalimiana nanyi, hawakuambiwa neno. Kumbukumbu la Torati, sura ya 27, inataja laana juu ya mtu aondoaye mpaka wa jirani yake, na watu wote wanaiitikia kwa kusema Amina. Dawa ya laana hiyo haikufichwa popote, ni kuurudisha mpaka mahali pake. Siku hizi tumekuwa wepesi mno wa kutafuta chanzo cha mateso ya ardhi katika roho zisizoonekana, hata pale ambapo chanzo kimeandikwa kwa wino na kutiwa sahihi. Ombeni, endeleeni kufunga, lakini maombi hayo yaombe ujasiri wa kutenda.

Katika Biblia yumo mtu aliyetubu juu ya shamba la urithi, na habari yake inastahili kusomwa na kila familia iliyo katika hali yenu. Ahabu, mfalme aliyetawala Samaria, alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi lililokuwa Yezreeli, karibu na jumba lake. Alikuwa tayari kutoa shamba bora zaidi au fedha, lakini Nabothi alikataa kuutoa urithi wa baba zake. Yezebeli, mke wa Ahabu, akapanga mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe, Ahabu akashuka kulimiliki shamba. Nabii Eliya alipomkabili, mfalme alirarua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga na kwenda kwa unyenyekevu, na Mungu aliuona unyenyekevu huo, akayaahirisha mabaya yasije katika siku zake. Toba ile ilikuwa na machozi ya kweli. Hata hivyo, soma 1 Wafalme 21 mpaka mwisho, na hutakuta popote kwamba shamba lilirudi kwa watu wa Nabothi. Ukifika 2 Wafalme 9 unamkuta Yoramu, mwana wa Ahabu, akikutana na Yehu, jemadari aliyemwasi, katika kiwanja kile kile cha Nabothi, na mwili wake ukitupwa pale pale. Yoramu alikuwa na maovu yake mwenyewe, na sikutajii habari hii ili nikutishe. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kitu ambacho toba ya gunia na majivu haikukigusa, na kitu hicho kilibaki kikisubiri kizazi kilichofuata.

Huenda wadogo zako wakauliza kwa nini Maandiko yanalichukulia shamba kwa uzito namna hii, ilhali mali nyingine hupotea na kusahauliwa. Jibu liko katika Walawi, sura ya 25, ambako Mungu anasema kwamba ardhi ni yake, na kwamba watu wake ni wageni na wasafiri waliokaribishwa juu yake. Kwa sababu hiyo ardhi haikuruhusiwa kuuzwa moja kwa moja. Kilichouzwa kwa hakika kilikuwa mavuno: bei ilipangwa kwa kuhesabu miaka iliyosalia kabla ya Yubile, mwaka wa 50, ambapo kila mtu aliirudia milki yake. Na hata kabla ya mwaka huo, aliyeuza kwa sababu ya umaskini alikuwa na haki ya kukombolewa shamba lake na ndugu wa karibu, au kulikomboa mwenyewe akipata cha kutosha. Jirani yenu alipokuja na fedha mkononi alikuwa akiitumia haki hiyo hasa. Tusiifanye sheria ya Israeli ya kale kuwa sheria ya nchi, lakini moyo wake unamhusu kila anayejiita mtu wa Mungu: shida ya mwenzako ya msimu mmoja isiwe njia ya kuwaondoa watoto wake kwenye ardhi daima. Majirani zetu Waislamu hawako mbali na neno hili, kwa maana katika Hadithi zilizokusanywa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad anaonya kwamba anayechukua hata shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Na wanazuoni wao hufundisha kwamba toba inayohusu haki ya mtu haikamiliki mpaka haki hiyo irudishwe kwa mwenyewe, au mwenyewe asamehe.

Sasa toba ianzie wapi? Nakuelekeza kwa Nehemia, sura ya 5, kwa kuwa pale pia shida ilikuwa rehani. Wakati wa njaa watu waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka, wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme, na waliokopesha walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia anasema kwamba alitafakari kwanza moyoni, kisha akawakemea wakuu, akaitisha mkutano mkubwa, na hakujificha: alikiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha. Akataka mashamba yarudishwe siku ile ile. Wakuu walipokubali, hakutosheka na neno la mdomo. Aliwaita makuhani, akawaapisha, watu wote wakisikia.

Katika hali yenu hatua ya kwanza ni ya dharura, kwa sababu ya mirathi. Msimamizi wa mirathi huorodhesha mali za marehemu na kuthibitisha kwamba orodha hiyo ni ya kweli. Ukiliandika shamba lote kuwa mali ya baba huku ukiwa na karatasi ile kabatini, utakuwa umeongeza uongo wako juu ya kosa lake. Sitisheni kwanza. Kaa na wadogo zako wote watatu, uwaonyeshe karatasi yenyewe, wala usiwasimulie tu, na umwombe yule shahidi aje aseme mbele yao. Maneno yake yaandikwe na ayatie sahihi angali na nguvu, kwa maana akiondoka yeye mtabaki na ubishi usio na mwamuzi. Tafuteni pia mwanasheria, ili marejesho yafanyike kwa njia ambayo wajukuu hawataweza kuitengua.

Mtu atasema, na pengine amekwisha kusema, kwamba mkopo haukulipwa kamwe, kwa hiyo watoto wa jirani walete kwanza fedha. Ni hoja ya haki ukiitazama peke yake. Lakini fedha zilikuja zikakataliwa, na tangu siku ile nusu ya shamba imekuwa ikitoa mavuno ambayo hayakuingia nyumbani kwa mwenyewe. Torati, katika Hesabu, sura ya 5, ilimtaka mkosaji arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano. Na katika 2 Wafalme 8 yule mwanamke Mshunami aliyerudi kutoka nchi ya ugeni, mfalme aliamuru arudishiwe shamba lake pamoja na mazao yote tangu siku aliyoondoka. Ukiweka mavuno ya miaka yote upande mmoja na mkopo upande wa pili, utaona deni liko kwa nani. Ushauri wangu ni kwamba msiutangulize mkopo huo. Wenyewe wakiutaja, zungumzeni.

Mkienda kwao, nendeni na mtu mzima mnayemheshimu wote, na muangalie sana maneno. Msiseme kwamba familia imeamua kuwapa sehemu ya shamba, kwa maana huwezi kumpa mtu kilicho chake. Semeni mmekuja kurudisha. Wapeni nakala ya makubaliano. Msiombe msamaha kwa namna ya kuwabana watamke palepale kwamba yamekwisha. Inawezekana watalia, au watakasirika, au watauliza baba yao alikosa nini hata akafa akiwa hana shamba, nanyi itawapasa kukaa kimya na kusikiliza. Wanaweza kuamua kulipokea shamba, kuliuza, kukubali jingine badala yake, au hata kuwaachia; uamuzi huo ni wao, na toba inayokuja na masharti yake imeshaanza kujirudisha nyuma. Gharama za kupima mpaka na kubadilisha hati ziwe juu yenu.

Na kama wadogo zako watakataa katakata? Huwezi kutoa kwa mkono wako sehemu iliyo mikononi mwao. Unaweza kuirudisha sehemu ambayo ingekufikia wewe katika nusu ile, unaweza kukataa kutia sahihi hati yoyote inayosema shamba lote lilikuwa la baba, na unaweza kuhakikisha kwamba watoto wa jirani wanajua karatasi hiyo ipo na inasema nini. Kuwaficha ukweli ili kulinda umoja wa familia kungekuwa kuujenga umoja huo juu ya mali ya wengine. Katika hili utaumia, na sitakudanganya kwamba hutaumia.

Limebaki jambo la heshima ya baba, ambalo nahisi ndilo linalowasumbua wadogo zako kuliko ekari zenyewe. Wanaogopa kumwanika mzazi aliyelala, na hofu hiyo ina upendo ndani yake. Waambie hivi: baba alikuwa na miaka mingi ya kuichoma karatasi ile, naye hakuichoma. Aliitunza ndani ya bahasha, pamoja na karatasi ambazo alijua mtakuja kuzifungua atakapoondoka. Sitathubutu kusema alikuwa na nia gani. Nasema tu kwamba aliwaachia njia, na kuifuata njia hiyo hakumvunjii heshima.

Swali la pili

Mwalimu, shikamoo. Kaka zetu waligawana shamba la marehemu baba, sisi mabinti tukaachwa nje. Baada ya kugawana walifanya ibada ya shukrani palepale shambani, nasi tulialikwa kuimba. Nilipouliza fungu letu niliambiwa kwamba Mkristo husamehe, na kwamba kudai ardhi ni tamaa ambayo inanipasa kuitubia. Je, ni kweli nitubu?

Jibu

Marahaba, binti yangu. Umeambiwa utubie swali ambalo Mungu mwenyewe alilisifu. Katika Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi, ambao baba yao alifariki bila mwana wa kiume, walisimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote, mlangoni pa hema ya kukutania, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe katika jamaa yake. Hawakunong'ona, na hawakumtuma mtu. Musa alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na jibu lilikuwa kwamba mabinti hao wamesema yaliyo haki, wapewe milki. Majina yao yote yameandikwa, jambo ambalo wakuu wengi waliokuwa wamesimama pale hawakulipata. Kweli, katika habari ile hapakuwa na kaka. Lakini kitabu cha Ayubu, katika sura yake ya mwisho, kinaeleza kwamba Ayubu aliwapa binti zake urithi pamoja na ndugu zao wa kiume, kwa hiyo kuwapo kwa kaka si sababu ya Mungu kumsahau dada.

Kuhusu msamaha, wamechanganya mambo mawili. Kumsamehe mtu ni kuondoa moyoni mwako kisasi na chuki dhidi yake, na hilo unaweza kulifanya leo, kabla hawajabadilika. Kuiacha haki yako ni uamuzi mwingine kabisa, nao huwa na thamani pale tu mtu anapoufanya kwa hiari, akiwa na kitu mkononi cha kuachia. Ninyi hamkuwa na kitu mkononi. Walichowaomba ni kunyamaza, wakakiita msamaha. Na ibada ile ya shukrani inanihuzunisha zaidi ya mgawanyo wenyewe, kwa maana jina la Mungu lilitumiwa kuufunga mlango ambao yeye, katika Hesabu 27, aliufungua.

Nina onyo moja kwako, nalo linawahusu kaka zako vilevile. Katika Luka 12 mtu mmoja alimwomba Yesu amwamuru ndugu yake amgawie urithi. Yesu alikataa kuwa mgawanyaji, kisha akawaonya wote waliokuwapo wajilinde na choyo. Hakusema kwamba dai la mtu yule lilikuwa baya. Alijua kwamba mwenye haki naye anaweza kuipoteza roho yake akiipigania. Kwa hiyo dai, lakini dai ukiwa umekwisha kuamua mambo ambayo hutayafanya: hutawatukana, hutasambaza siri za nyumba, hutawafundisha watoto wako kuwachukia binamu zao. Kwanza waombe kikao, mkiwa dada wote kwa pamoja kama wale watano, na mseme mbele ya wazee wa familia na viongozi wenu wa imani. Wakikataa, kwenda mahakamani si ukosefu wa imani, kwa maana mahakama imewekwa kwa ajili ya migogoro ambayo ndugu wameshindwa kuimaliza. Wanaopaswa kutubu hapa ni wale wenye mashamba, na siku watakapotubu itaonekana kwa kuhamisha mipaka.

Swali la tatu

Mwalimu, mimi ni mzee sasa. Shamba nililoachiwa na baba yangu lilikuwa na chemchemi na miti mikubwa kuizunguka. Nilikata miti nikauza, kisha nikawaruhusu wachimbaji wa mchanga waingie. Leo yamebaki mashimo, chemchemi inatoa maji miezi michache tu, na mvua zikinyesha maji yanakata shamba la jirani. Shamba ni langu kwa hati, sikumdhulumu mtu. Mbona nasikia hatia?

Jibu

Mzee wangu, unasikia hatia kwa sababu dhamiri yako ni nzima. Ayubu, alipokuwa akijitetea katika sura ya 31 na kuyapitia makosa yote ambayo mtu anaweza kuyatenda, aliiacha ardhi mpaka mwisho kabisa: alisema kwamba ikiwa ardhi yake inamlilia, na matuta yake yanalia pamoja, basi miiba na imee mahali pa ngano. Alikuwa akizungumzia shamba lake mwenyewe, kwa hiyo hati haikumtosha kuwa utetezi. Na Walawi 25, sura niliyoitaja kwa ndugu wa kwanza, inaipa ardhi mwaka wake wa kupumzika kila baada ya miaka 6 ya kulimwa, ikionyesha kwamba mwenye shamba hakuruhusiwa kuichosha apendavyo hata kama hapakuwa na jirani wa kulalamika. Ulipewa matumizi, na waliofuata baada yako nao walikuwa na fungu lao ndani ya chemchemi ile.

Toba yako itubiwe kwa Mungu, maana ardhi si mungu wa kuombwa radhi, lakini ifanyiwe kazi shambani. Wafungie wachimbaji mlango kwanza, hata kama fedha yao bado inahitajika nyumbani. Anzia juu ya mteremko: chimba makinga maji yanayofuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaoukata mteremko, ili mvua itulie na kuzama badala ya kukimbia, na uache nyasi ziote juu ya kingo zake. Mashimo yazibwe kwa udongo pale inapowezekana, na pale isipowezekana kingo zake zilegezwe zisibomoke juu ya watoto na mifugo. Kuizunguka chemchemi rudisha miti ya asili ya mahali hapo, ile ile uliyoikuta, wala usipande mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi. Zungushia uzio eneo hilo, na usilime karibu. Maji yanaweza kuchelewa, na inawezekana watakaoyaona yakirudi ni wajukuu.

Umesema hukumdhulumu mtu, kisha ukaandika kwamba maji yanakata shamba la jirani. Huyo ni mtu. Mwendee kabla ya kushika jembe, ukague naye korongo lililochimbika upande wake, mkubaliane namna ya kulizuia na sehemu ya gharama utakayoibeba, na kazi ianzie hapo kabla ya kugusa mashimo yaliyo ndani ya mpaka wako. Watoto wako waite wakushuhudie ukifanya hivyo na uwaeleze mwenyewe jinsi shamba lilivyokuwa ulipolipokea.